Penseli Juu ya Kreti

Kengele ya ghala la maparachichi haijalia.
Anyosisye amefungua daftari juu ya kreti,
ukungu wa Tukuyu unalowanisha pembe za karatasi.
Mwalimu ni Yesenia, mpima ubora, ametoka Peru,
makoti mawili, mikono kwapani,
anaapa kwamba Juni ya hapa ina meno.

*Me gusta*, anasema. Sikiliza vizuri:
wewe hupendi. Kitu ndicho kinachokupendeza.
*Me gusta la lluvia*: umekaa zako,
mvua ndiyo inafanya kazi.
Anyosisye anacheka mpaka anakohoa.
Kwetu mtu hupenda kwa nguvu zake mwenyewe:
napenda ndizi za mama zilizoungua kidogo chini,
napenda Rungwe ukivua wingu saa nne.
Hatujawahi kuuachia mlima hiyo kazi.

Kisha *quiero*. Neno fupi,
kama kugonga mlango mara moja.
*Quiero* sweta. *Quiero* Jumapili nzima ya usingizi.
*Quiero* (anafuta, anapuliza vumbi la kifutio)
chumba changu, dirisha likitazama chai,
mlango ufungwe kwa ndani.
Hili hajalisema kwa Kinyakyusa,
hata kwa Kiswahili hajalisema.
Kwa wakwe zake lingesikika hadi jikoni.
Hapa halina shangazi.

*Tengo que* linamchelewesha.
Tengo ni ninacho, ninalo, ninayo. Ninalo la kufanya.
Anaandika: *tengo que* kulipa ada ya Lusekelo,
*tengo que* kurudisha debe la mahindi kwa mama Ambele,
*tengo que* kuwahi.
Halafu anaandika pembeni, kwa lugha yake ya shule:
i-na-ni-bidi.
Anaizungushia *ni* duara.
Tazama, dada, mimi nilipo hapa,
katikati ya kitenzi, nimebanwa pande zote.
Kwenu mnalibeba lazima kama ndoo,
mkichoka mnalitua?

Yesenia anafikiri. Moshi wa pumzi unamtoka.
Hapana, anasema. Hatutui.
Ila mkono tunabadilisha.

Msimamizi Mwakibete anachungulia: mnaongea nini?
Hesabu ya kreti, bosi.

Kengele.

Boksi la arobaini na mbili liliondoka siku hiyo
na neno moja upande wa ndani wa kifuniko, kwa penseli: *quiero*.
Hakuandika anataka nini.
Mkanda wa gundi ulikuwa tayari unapita.