Kazi Yangu ni Kufuta Watu

Kila picha ina mtu asiyetakiwa.
Mtalii mwenye kofia, kuku, muuza barafu
aliyesimama mbele ya historia akihesabu chenji.
Namzungushia mstari, nabonyeza, hata kivuli chake hakipo,
ukuta unabaki peke yake, kama profesa anavyoupenda.

Huaca Fellupe, jangwa la kaskazini mwa Peru.
Kilima cha matofali mabichi, milioni na ushei,
kila ukoo ulifyatua yake na kuyatia alama:
kidole, msalaba,
na moja lina unyayo wa mbwa aliyepita kabla halijakauka.
Leo kilima ni sukari guru iliyonyeshewa.
Droni ilikizunguka siku tatu ikivuma kama nyigu,
picha elfu tisa na mia nne,
na usiku, hotelini Chiclayo, feni ikilalamika,
kompyuta ikaanza kukumbuka:
nukta moja moja, mchele uliomwagika,
kisha wingu la nukta, kisha ngozi juu ya wingu,
mpaka nikakigeuza kilima kwa kidole kimoja
kama mtu anayechagua papai.

Isipokuwa ubavu wa kaskazini.
Ukuta wa samaki wekundu haupo.
Uliondoka mwaka ule mto ulipohamia majikoni,
na mto, wanasema hapa, una hati zake,
hurudi kudai shamba.
Hakuna mtaalamu aliyewahi kuupiga picha ukuta.
Walioupiga ni watu waliokwenda kujipiga wenyewe.

Tukabisha hodi kwa Doña Eulalia Llontop,
mlinzi wa lango, miaka thelathini na mmoja,
mshahara wa leo upo kesho haupo.
Akatoa kopo la biskuti. Ndani, ubatizo, harusi,
sherehe ya timu iliyofungwa sita bila,
wote mbele ya samaki wale wale. "Kwa sababu," alisema,
"nyumbani hatukuwa na ukuta wenye rangi."

Ishirini na sita zilifaa.
Nikamfuta bibi harusi, samaki watatu wakatokea.
Nikamfuta mjomba mlevi, mkia wa nne ukaja.
Picha hii ilijua kilichokuwa nyuma ya mtu wa picha ile,
wakasaidiana, wakatoboleana siri,
ukuta ukasimama tena kwenye kioo,
mwekundu, una nyufa, kama vile haujasikia habari za mvua.

Lakini kona ya chini, kulia, ilipigwa mara moja tu.
Komunyo ya kwanza: mtoto, shati jeupe, mshumaa.
Nilipomfuta, nyuma yake hapakuwa na kitu.
Tundu. Lina mabega. Lina masikio.
Lina mshumaa.

Programu ina dawa yake:
hukopa samaki wa jirani, hushona, hujui pa kushika.
Nilton alikwisha kuinua kidole.
"Ngoja," akasema Doña Eulalia nyuma yetu,
bakuli la bisi za mahindi mkononi. "Huyo ni Teyo."

Nikashusha sauti, nikauliza alifariki lini.
Akacheka mpaka bisi zikamwagika.
"Afariki? Anaendesha lori Arequipa. Ana kitambi.
Hapigi simu."
Akakigusa kioo, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo.
"Mwacheni hapo, Yanira. Siku akija, ajipime.
Hatatosha."

Sasa wageni huvaa miwani mizito jumba la makumbusho,
hutembea kando ya samaki, hufika konani, husita.
Watoto huingia ndani ya tundu na kunyoosha mikono.
Profesa ameniandikia mara mbili
akitaka kujua kosa lile ni la nani.

Ripoti yangu, ukurasa wa mwisho, inasema:
eneo lisilo na taarifa,
kimo, sentimita mia moja na kumi na nane.
Sababu: mama yake alimwambia asisogee.