Kwa Zamda, Pamoja na Diski

Zamda,
diski nimeiviringisha kwa kitenge,
kitenge nimekitia ndani ya kopo la maziwa ya unga,
kopo nimelizungushia utepe mpaka likakosa jina.
Kondakta nimempa elfu tano pale stendi ya Kange
na nimemwambia ni dawa.
Sikumdanganya sana.

Ukilifungua, usiwe na papara.
Mna folda, ndani yake folda, na ndani yake folda,
kama kamkoda ilivyozizaa.
Usitoe klipu mojamoja kama anayechambua mchele,
wala usifute faili linaloonekana halina kazi:
nililifuta moja la namna hiyo
na harusi nzima ya Mwanzange ikagoma kufunguka.
Nakili zote kama zilivyo. Gigabaiti sitini na moja, nukta nne.
Ikipungua hata nukta, rudia.

Utauliza kwa nini sikurusha kwa simu.
Nilirusha, Zamda. Dakika mbili tu, kwa shangazi mtu,
naye kaapa hatamwonyesha mwanamume.
Unalijua tui la kwanza, lile linaloshika kijiko;
unalijua na la tatu, maji yaliyopita karibu na nazi.
Simu ilimpelekea la tatu.
Piko ya vidole ikawa tope.
Leso ya Bi Chausiku, ambayo maneno yake niliyasoma kwa lenzi,
ikawa nyekundu tu, nyekundu isiyosema.

Hayo ningeyavumilia.
Lakini hukuwapo, basi nikwambie:
Tumu hasikii, tangu homa ya mwaka wake wa nne.
Sauti ya mama yake ni midomo ya mama yake.
Na siku ile, Barabara ya Kumi na Tano,
ngoma zimepamba moto, sisi wenye masikio hatuambulii kitu,
Bi Chausiku aliinama, akamshika mwanawe kidevu,
akasema jambo, pumzi moja tu.
Tumu akacheka mpaka wanja ukamharibika.

Wiki tano baadaye tulimzika Bi Chausiku.
Shangazi akampa Tumu ile simu.
Akatazama mara tatu.
Mdomo umekuwa miraba,
miraba inafunguka, miraba inajifunga.
Akaniambia kwa mikono: Ananung'unika.
Mama hajawahi kuninung'unikia.

Kwa hiyo usigeuze umbizo, hata programu ikikubembeleza.
Kompyuta yako ya hapo Dunda naijua, inapumua kama mwenye pumu;
ikikwama, jitengenezee nakala nyepesi, ukatie hizo,
ila siku ya kutoa kazi urudi kwenye asili.
Fremu hamsini kwa sekunde, usizipunguze:
kati ya fremu na fremu ndipo herufi zinapopita.
Kata wageni, kata keki, nikate mimi niliyeonekana kwenye kioo.
Pale kidevu kinaposhikwa usimwage maua,
usipandishe jina la studio.

Kadi yenyewe iko kabatini, chini ya shuka.
Sitaifuta mpaka unipigie.
Na humo mna vichwa wazi vya wanawake wa watu;
ukimaliza, funga kama ulivyokuta.

Sijui alisema nini.
Nimesogeza picha kwa picha, mara ishirini,
naona kila jino, naona mate kwenye ukingo wa mdomo,
na bado sijui.
Si yangu.
Gari linapita Msata saa nane. Uwepo.