Rangi ya Majivu

Mashine ya maktaba kuu, kule Riga, iliniambia: hakuna.
Nikabadili maneno: kisima, visima, maji ya kunywa,
naitreti, wilaya, mwaka sabini na moja.
Hakuna. Je, ulimaanisha: kiziwi?

Lakini chini kabisa, katika tanbihi ya kitabu cha mtu mwingine,
mstari mmoja ulijibanza:
O. Skudra, mkaguzi wa afya, Mežvite. Ripoti. Haikuchapishwa.

Haikuchapishwa. Neno hilo
lilikuwa mguu uliozuia mlango usifungwe.

Wenzangu huyaita maandishi ya kijivu:
ripoti zisizo na jalada, hesabu za zahanati za pembezoni,
karatasi za mikutano ambayo chai yake ilipoa zamani.
Kijivu, rangi ya majivu.
Wahenga walisema moto huzaa majivu;
hawakusema majivu huwekwa wapi.

Nikapiga simu kumi na nne.
Idara ya maji ikanitupia idara ya ardhi,
idara ya ardhi ikanitupia mlinzi wa ghorofa ya chini,
naye, Bwana Ojārs, akaniongoza kwa tochi
hadi kwenye sanduku lililoandikwa MAJI 1971.
Ndani: mapambo ya Krismasi na pampu ya baiskeli.
"Muulize mjane," alisema. "Skudra hakutupa karatasi."

Mežvite, theluji ya Machi imekuwa tope.
Bibi Vizma, miaka themanini na tisa,
alinisikiliza huku akimenya biti,
vidole vyekundu hadi kwenye viungo.
Ripoti? Ripoti yeye haijui.
Akanisukumia daftari la mapishi, nisome, maji yachemke.

Achari ya matango: chumvi, shibiti, maji ya kisima.
*Kisima* limekatwa. Juu yake, kwa penseli: *mvua*.
Nikageuza ukurasa.
Nyuma, taipu iliyofifia, kila herufi e imeziba:
Jedwali la nne. Kisima cha shule. Kisima cha njiapanda.
Watoto wachanga walioingia buluu midomoni: sita.
Waliopona: wanne.

Nikageuza tena. Jemu; jedwali.
Supu ya kabichi; ramani ya visima.
Kurasa thelathini na moja, zimeshonwa kwa uzi wa soksi.

"Wilaya iliirudisha bila barua," alisema,
ghafla akiijua.
"Akaiweka mezani, hakuigusa tena.
Karatasi ilikuwa adimu.
Kila mama aliyekuja kunakili uji wa mtoto
alinakili na maji ya mvua.
Hakuna aliyeniuliza kwa nini."

Birika likalia. Hakuna aliyeinuka.

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofunzwa.
Hapa habari ilibaki; kilichopotea ni jina tu.

Katika orodha yangu ya marejeo nimeandika:
Skudra, O., na Skudra, V.
Mchapishaji: sehemu hii mhariri ataniuliza.
Doa la biti, ukurasa wa tisa,
nalo nimelipiga picha.