Mamba wa Tisa

Wiryo, fundi wa gesi kule Madimba,
alikuja dukani kwangu Chikongola kudurufu pasipoti,
akakaa mpaka mvua ikatike.
Kiswahili chake cha miezi minne, cha kuokoteza,
lakini hadithi aliimaliza:
kwao kisiwani kuna kapaa, kimo cha paka,
kalitamani matunda ya ng'ambo, na mto umejaa mamba.
Kakawaambia, mfalme kanituma niwahesabu,
jipangeni.
Moja, mbili, tatu, kakiwakanyaga vichwa
hadi ng'ambo, kwato kavu.

Nikacheka. Huyo kwetu ana masikio marefu.
Huyo ni sungura, kabadili pasipoti tu.

Tukaiambia akili mnemba ituchoree.
Niliandika: mto, kapaa, mamba saba.
Ikaleta maji ya buluu kama ya kopo la rangi,
kapaa kenye macho ya mtoto wa tangazo la maziwa,
na mamba tisa.
Nikaandika tena. Tisa.
Nikaandika kwa herufi kubwa, kama ninayemfokea kiziwi,
SABA.
Tisa, na wa mwisho hana mkia,
kaungana na jiwe.

Basi chora mto wetu, nikasema. Ruvuma,
maji ya rangi ya chai ya maziwa,
matete upande wa Msumbiji.
Matete yakatoka mpunga.
Nyuma yake ukasimama mlima unaofuka moshi,
ambao Mtwara nzima haunao.
Wiryo akasogeza uso kwenye kioo.
"Huu naujua," akasema, kisha hakusema tena.

Mama alikuwa nyuma ya pazia akibangua korosho.
Akatoka, akavaa miwani yangu,
hakuuliza nani kachora.
Akahesabu kwa Kimakonde, polepole,
akafika kwenye jiwe lenye meno,
akaweka kidole cheusi kwa mafuta ya maganda.
"Hao wanane sina habari nao.
Huyu ndiye aliyemchukua Mchopa, pale Kitaya,
yeye na ndoo yake."

Nilitaka kufuta. Akanishika mkono.
"Chapa. Ya rangi.
Ila hako kanyama kaondoe.
Mjomba wako hakumdanganya mtu,
alikwenda kuteka maji."

Wino wa njano ulikuwa umekwisha.
Mto ulitoka zambarau, unanukia joto la mashine,
na Mama akaupepea kwa upande wa khanga
mpaka ukakauka.