Eleza kwa Ufupi

Fomu imeniachia mistari mitatu:
*Eleza kwa ufupi safari yako ya kazi.*
Mitatu! Kana kwamba mtu huamka asubuhi,
akavua viatu vya mpira, akavaa vya ofisini.

Niandike nini? Kwamba miaka sita
nilichota maji ya Bandar Khayran,
lita ishirini ishirini, kwa madumu meupe
yaliyoandikwa kwa wino usiofutika: kina, saa, joto.
Kwamba Februari bahari ilikuwa kijani
kama mchicha uliolala sufuriani,
na usiku, ukitia mkono, maji yanawaka buluu.
Wageni wa hoteli walipiga picha.
Sisi tulihesabu samaki waliokosa pumzi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchuja.
Pampu inanguruma, maji yanapita tone kwa tone,
na juu ya karatasi ya duara,
ndogo kuliko kifuniko cha chupa,
linabaki doa. Mavuno ya siku nzima.
Mama, ambaye Kiswahili chake cha Ng'ambo
hakijapungua chumvi kwa miaka arobaini ya Seeb,
akiniuliza jioni:
"Leo umevua nini, Thuwaiba?"
"Doa, mama."
"La kukaanga au la kupaka?"

Halafu Agosti, Idi, umeme ukakatika
na friza namba tatu ikazima siku tatu.
Biju wa maabara alinipigia simu:
"Daktari, usije na kanzu mpya."
Harufu niliikuta koridoni.
Madoa mia mbili na kumi, miaka minne ya maji,
yamekuwa uji.

Yalisalimika arobaini tu, yale tuliyokuwa tumeshayapeleka,
nayo yakarudi si doa tena bali faili:
A, T, G, C, milioni juu ya milioni,
hakuna nafasi, hakuna nukta, hakuna bismillahi.
Nililifungua jikoni. Kompyuta ikaganda.
Basi nikajifunza kuandika programu,
si kwa kipaji, kwa hasira.
Mashine haina haya wala huruma:
mkato mmoja umeuweka siko, inakurudisha mwanzo,
saa nane za usiku, chai imeota ngozi.
Usiku mmoja ndipo nilipoona
kwamba *bahari* na *habari* ni herufi zilezile,
mbili tu zimebadilishana viti.

Siku hizi niko Al-Khoud, chumba kisicho na dirisha.
Damu ya kidole, imekaushwa juu ya karatasi.
Ya duara. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka,
Biju akadhani nimechanganyikiwa.
Namba 0417, msichana, miaka saba, kutoka Ibra.
Palipokuwa na GAG pamekaa GTG:
herufi moja, na chembe za damu zinajikunja kama mundu,
na mifupa inalia.
Kaka yake anayo herufi hiyohiyo, kwa baba na kwa mama,
na anacheza mpira mpaka magharibi.
Kwa nini? Ndilo swali ninalolipwa mshahara.
Mwaka wa pili huu, sijui.
Vijidudu vya bahari, nikivikosea jina,
havina mama anayesubiri koridoni
na mkoba umekumbatiwa magotini.

Juzi nilimwonyesha mama picha ya karatasi ile.
Nilingoja mzaha wake wa kukaanga.
Hakutania. Akaangalia kidole chake mwenyewe.
"Sabra wetu," akasema, "alikuwa akilia mifupa.
Wakamwambia ni baridi. Wakamchua mafuta ya nazi.
Alikuwa na miaka tisa.
Yeye unaweza kumsoma?"

Nikamweleza kuhusu sampuli, jinsi zinavyohifadhiwa,
kipimo cha joto, muda. Nilisema mengi mno.
Sabra hakuacha doa.
"Haya," mama akasema, akaenda kuzima jiko.

Kwenye fomu nimeandika: *Nilibadili fani.*
Mistari miwili na zaidi imebaki mitupu.