Laina Nne

Wiki ile tulimsifu mno.
Alipanda hadi Marafa na watu tisa na mbuzi,
hakukohoa. Tukasema, Pijo huyu, wallahi, hazeeki.
Mgema akisifiwa...
Jumatatu nikachomoa kijiti cha oili
na oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Shekuwe akasema auzwe kwa kilo.
Kuna mtu wa vyuma chakavu Kisumu Ndogo,
ana mizani, hana macho.
Nikamjibu: wewe ulikuja kuniposa kwa gari la kuazima,
nyamaza.

Basi uani, kati ya mpapai na kamba ya nguo,
nikatandika mkeka uliochanika,
suruali yake kuukuu chini ya dera langu.
Spana kumi na tatu ipo, kumi na saba ipo,
kumi na nne imeazimwa tangu Ramadhani iliyopita
na aliyeiazima siku hizi hunisalimia kwa mbali.
Bolti za kichwa nikazipanga kwenye trei ya mayai,
kila moja na tundu lake.
Kabureta ikalala ndani ya bakuli la futari.
Mama mkwe hajui.
Atajua.

Chumvi ya Malindi haina haya,
imemla milango, imemla sakafu,
miguuni pa abiria wa nyuma unaiona barabara.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema.
Kwenye bati hakuna ufa, kuna kutu,
na ukuta hauendi Mambrui.

Chini ya kiti cha dereva liko daftari la baba,
karani wa bohari ya korosho,
aliyeandika matengenezo kwa vina
kwa sababu, alisema, maneno matupu huvuja.
Ukurasa wenye doa la grisi:

    Kichwa ukishakivua, krenki usiizungushe,
    Laina zajiinua, maji chini ziyashushe,
    Zibane ukitambua, watoto uwaondoshe,
    Pupa ndiyo huiua, subira ikufundishe.

Nikawaondosha. Twaha na mpira wake, nje.
Jogoo wa jirani, nje.
Nikaingia ndani kutafuta washa za kubania,
dakika tano, labda saba.

Mama mkwe hakuwemo kwenye shairi.
Alitoka na beseni la nguo, akakuta kamba imezibwa na gari.
Jiwe la gurudumu akaliona linamfaa kukandamizia beseni.
Breki ya mkono kwa Pijo ni jina tu.
Akasukuma. Hatua moja, na gia ikiwa ndani.

Nilisikia jikoni: tk.
Sauti ndogo kama kidole kinavyolia,
na pistoni ya pili ilikuwa imepanda
na laina yake imepanda nayo,
unene wa ukucha.

Sikusema kitu. Nilikaa juu ya tairi la akiba.
Yeye pia hakusema kitu, alianika nguo zote,
shuka, foronya, kanzu ya Shekuwe,
kisha akaja akachuchumaa
akachungulia yale mashimo manne kama anayechungulia visima.
"Zinatoka?"
Zinatoka.
"Basi zitoe."

Sili zilikuja kwa basi kutoka Mombasa siku ya kumi na moja,
bei yake tusiitaje.
Siku zote hizo alizisugua laina kwa kipande cha kanga na mafuta ya taa,
ndani, nje, ukingo wa chini palipoganda uchafu wa miaka,
akinionyesha kila moja juani kabla sijaiomba.
Ya tatu aliirudia mara mbili.
Sikumwambia kwamba yake ni ya pili.

Leo asubuhi kijiti kimetoka na rangi ya asali.
Akawaka kwa mara ya nne, moshi mweupe, kisha hakuna moshi.
Twaha akafungua mdomo; bibi yake akamwangalia, akaufunga.
Tukavuka daraja la Sabaki kimya, madirisha wazi.
Mama mkwe kiti cha mbele,
bakuli la futari mapajani,
mara kwa mara analiinamia,
ananusa.