Mkebe wa Bi. Kalondu

Kliniki ya Daktari Okumbe iko Umoja, orofa ya kwanza,
juu ya duka la vioo na fremu.
Chumba changu kilikuwa stoo.
Mlango ukiufungua wote unagonga kiti cha mgonjwa,
kwa hiyo watu huniingilia ubavu,
kama wanaoomba radhi.

"Wewe ni daktari?" La.
"Basi wa kemisti?" Nilikuwa.
Sasa siuzi kitu, mama. Mimi mfamasia wa hapa ndani, nasoma tu.
Akanitazama kama aliyeambiwa kuna mpishi asiyepika.

Nilimwagiza aje na kila anachokimeza.
Alikuja na mkebe wa majani ya chai,
akaukung'uta mezani.
Nikaanza kutenga, hiki huku, kile kule,
naye akivikagua vidole vyangu,
mtu aliyechambua ndengu miaka hamsini
hadanganywi na anayejifanya kuchambua.

Hii nyeupe? "Ya presha. Ya hospitali ya serikali."
Na hii ya waridi? "Ya presha. Nilinunua Mtindwa siku ile nyeupe ilipokosekana."
Nyeupe ikarudi?
"Ikarudi."
Sasa unameza ipi?
"Zote. Si zina majina tofauti?"

Chini ya jina kubwa kuna jina dogo,
kwa wino wa kijivu, kwa wenye macho na nafasi.
Nikazigeuza pakiti, nikazilaza bega kwa bega:
amlodipini.
Amlodipini.
Mtu mmoja, kanzu mbili.

Sikumwambia papo hapo. Niliuliza miguu.
Akaishusha soksi. Mpira ulikuwa umechimba mfereji.
"Ilivimba baada ya Pasaka. Nikapewa ya kukojoa.
Hiyo naimeza usiku. Mchana niko kibandani na nguo za watoto,
choo cha soko ni shilingi kumi kila ukienda,
nitauza nini, nitakojoa nini?"
Usiku choo ni cha ploti: ngazi ishirini na mbili, taa imekufa.
Mwezi wa sita alianguka.
Nyonga ikadai vidonge vya maumivu,
kumi kwa hamsini, bila karatasi,
navyo vikaisukuma presha juu,
na presha ilipopanda, mtu mwema
mwenye foleni ya arobaini mlangoni
aliandika: ongeza.

Dawa ya moto ni moto, tulifundishwa.
Dawa ya dawa
hatukufundishwa.

Nikachora nyuma ya karatasi ya kalenda, mwezi uliopita:
kidonge, mguu, kidonge, ngazi, nyonga, kidonge,
na mshale wa mwisho ukarudi ulikotoka.
Aliufuata kwa ukucha. Akazunguka mara mbili.
"Kumbe najifukuza mwenyewe."

Nikavuka ukumbi. Okumbe alikuwa na simu begani, mtoto mapajani.
Nataka kutoa tatu, nikasema.
"Kuongeza?"
Kutoa. Na tupime figo leo.
Akausoma mchoro wangu polepole.
"Ya kukojoa niliandika mimi."
Najua.
Mtoto akaivuta stethoskopu. Hatukusema zaidi.
Alitia sahihi.

Ninaporudi nyumbani mume wangu huuliza, umefanya nini leo?
Nitamwambia nini?
Kuna mama usiku huu hatashuka ngazi.
Hakuna mtu atakayeisikia hiyo, hata yeye mwenyewe,
atakuwa amelala.

Wiki ya nne aliingia, ubavu vile vile,
amevaa viatu vya kufunga kamba.
Presha nikaipima mara mbili, nikaiandika bila kutabasamu,
maana ushirikina nami ninao kidogo.
Halafu akatoa kwenye kiondo mkebe mwingine,
wa kakao, umefungwa kwa raba.
"Wa jirani yangu, Mama Vugutsa. Amekataa kuja.
Anasema wewe unanyang'anya watu dawa."

Nikautikisa.
Ulikuwa mzito kuliko wake.